Moto wa Mchuchuma na Chuma cha Liganga

Tangu tarehe 25 Julai, 2024, mtu aweza kunywa chai ya asubuhi Dar es Salaam na kula chakula cha mchana hapa Dodoma, kwa kupanda treni ya reli mpya. Wazee wetu wangali wakiiita garimoshi, ingawa moshi haina. Hukimbia kwa nguvu za umeme tupu. Twafurahi, na haki yetu kufurahi. Lakini mfanya kazi aliyezoea kutazama kitu kwa jicho la kazi hatakomea kwenye viti na vioo. Atatazama chini penye reli, naye atajiuliza: chuma hiki kimefuliwa na nani? Jibu lake halitutii kiburi. Reli hizi zilikuja kwa meli kutoka ng'ambo, kama zilivyokuja reli za Wajerumani zilizofika Dodoma mwaka 1910, na kama zilivyokuja reli za TAZARA kutoka China katika miaka ya 1970. Kwa muda unaozidi miaka mia moja tumekuwa tukitandika chuma cha wengine juu ya ardhi ambayo yenyewe ina chuma tele.

Tena atajiuliza jambo la pili, na hilo ndilo lililotushikisha kalamu leo. Moshi ule ulioondoka kwenye gari, je, umetoweka kweli, au twapanga kuuhamishia kwa ndugu zetu wengine?

Chuma tunachokisema kipo Liganga, wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe. Wilaya hiyo hiyo, upande unaoteremkia bonde la mto Ruhuhu na Ziwa Nyasa, pana Mchuchuma, palipo na makaa ya mawe. Msomaji wa Dodoma asikiapo neno makaa huona gunia lililofungwa nyuma ya baiskeli, limetoka porini kwa siri alfajiri. Hayo ni makaa ya miti. Makaa ya mawe ni misitu iliyozikwa ardhini kabla mwanadamu hajakuwako, ikagandamizwa na mchanga hata ikawa mwamba mweusi unaoshika moto. Hesabu zilizotumiwa katika mradi huu zataja tani milioni 428 za makaa Mchuchuma, na tani milioni 126 za mawe ya chuma Liganga. Ukichimba tani milioni 3 za makaa kila mwaka utapita miaka 140 kabla hujayamaliza. Si mali ndogo.

Labda mtu atauliza, ya Ludewa yatuhusu nini sisi wa uwanda wa kati? Yatuhusu sana. Bunge linalojadili mradi huu hukaa hapa. Mji wa Serikali uliopandishwa Mtumba umejengwa kwa nondo na mabati. Njia kuu ya umeme yenye urefu wa kilometa 670, itokayo Iringa hadi Shinyanga, hupita Dodoma na Singida, na umeme wowote utakaozalishwa kusini ukaingia gridi ya taifa huenda ukawasha taa ya mtu wa Bahi au Manyoni. Alaye tunda hana budi kujua limechumwa shamba la nani.

Kabla ya kulaumu au kusifu, yafaa tuelewe kwanza kwa nini chuma na makaa hutajwa pamoja siku zote. Wahunzi wetu wa kale waliijua siri hiyo bila kuisoma kitabuni. Mhunzi alijenga joko la udongo, akapanga mawe ya chuma na makaa ya miti tabaka kwa tabaka, vijana wakavuta mivukuto mchana kutwa, na mwisho wake akatoa bonge la chuma na kutupa kando mavi ya chuma. Katika karne ya 19 majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa nchi za karibu na Ziwa Viktoria yalipita Unyamwezi na kuingia Ugogo mabegani mwa wapagazi. Biashara ya chuma katika nchi hii haikuanza na meli. Sasa, jiwe la chuma ni nini? Ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kwa lugha nyepesi, ni ndugu ya kutu, iliyogeuka mwamba. Makaa hufanya kazi mbili ndani ya tanuri. Hutoa joto, na hukinyang'anya chuma ile oksijeni, chuma kikabaki peke yake. Viwanda vingi vya chuma vilivyopo duniani leo vingali vikifanya jambo lile lile, ila kwa ukubwa wa kutisha.

Mawe ya Liganga yana ukaidi wake. Yamechanganyika na titaniamu na vanadiamu. Vanadiamu ni mali ya thamani, kwani kidogo tu katika chuma cha pua hukiongezea nguvu. Titaniamu nayo ni mali, lakini ndani ya tanuri la kawaida huyafanya mavi ya chuma kuwa mazito mfano wa uji uliokolea, yasitake kutoka. Wachina walikutana na mawe ya tabia hii huko Panzhihua, jimbo la Sichuan. Walihangaika nayo hata wakapata chuma cha kwanza mwaka 1970, mwaka ule ule walioanza kutujengea TAZARA. Huko Afrika ya Kusini, kiwanda cha Highveld kilishika njia nyingine, ya kuyachoma mawe kwanza pamoja na makaa na kuyayeyusha baadaye katika matanuri ya umeme. Kiwanda hicho kilifanya kazi miaka mingi, kisha kikaelemewa na hasara na kusimama miaka kumi hivi iliyopita. Twalitaja hilo ili mtu asidhani kwamba kuwa na mawe ni kuwa na chuma. Kati ya jiwe na nondo pana elimu, pana fedha, na pana umeme mwingi mno.

Basi katika mwezi wa Septemba, 2011, Shirika la Maendeleo la Taifa, yaani NDC, lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Iliundwa kampuni ya ubia, wageni wakiwa na hisa 80 katika mia na NDC 20. Gharama ilitajwa kuwa dola za Marekani bilioni 3. Migodi miwili ingechimbwa, kiwanda cha chuma kingejengwa Liganga, na Mchuchuma kingesimamishwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe chenye nguvu za megawati 600. Katika hizo, megawati 250 zilikusudiwa kwa kiwanda, na 350 kwa gridi ya taifa.

Namba hizi hazisemi kitu mpaka mtu azipime kwa kitu anachokijua. Bwawa la Mtera, mpakani mwa mkoa wetu na Iringa, lina mtambo wa megawati 80. Kiwanda cha Liganga peke yake, basi, kingemeza umeme wa Mtera tatu, na bado kingelamba vidole.

Waliopanga makaa hawakuwa wapumbavu, wala hatupendi tabia ya kuwacheka watu wa jana kwa maarifa ya leo. Wao walikuwa wameyaona maji yakikimbia. Mwaka 2006 ukame ulilishusha bwawa la Mtera chini ya kiwango cha kuendeshea mitambo, na nchi nzima ikaingia katika mgawo wa umeme. Hata kabla ya hapo, miaka ya 1992 na 1994, tulikuwa tumekaa gizani kwa sababu ile ile. Mashine za kusaga zilisimama, mafundi cherehani wakarudi kwenye mashine za miguu. Mwamba mweusi wa Mchuchuma haungoji mvua. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, na mtu wa Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600 nayo hunyesha msimu mmoja tu, ni wa mwisho kuidharau.

Lakini moto huo una madai yake, nayo hayasomwi siku ya kutia saini.

Kituo cha megawati 600 kikifanya kazi kwa nguvu zake zote usiku na mchana huhitaji kadiri ya tani 6,000 au zaidi za makaa kila siku. Hayo ni malori 200 ya tani thelathini thelathini. Makaa hayo hayaishi yote motoni. Tukisema yabakie majivu fungu moja tu katika kumi, na makaa mengi huacha zaidi ya hapo, tutapata malori 20 ya majivu kila siku ya Mungu, Ijumaa na Jumapili zikiwamo. Majivu ya makaa ya mawe si majivu ya jikoni ambayo bibi huyamwaga mgombani. Yana aseniki, zebaki na madini mengine mazito kidogo kidogo, ambayo mvua ikiyapitia huyashusha mtoni. Na mto wa huko, Ruhuhu, humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, ambalo Watanzania, Wamalawi na watu wa Msumbiji hulitegemea kwa samaki na kwa maji ya kunywa.

Kisha maji yenyewe. Wengi hudhani umeme wa makaa hauhitaji maji. Sivyo. Moto huchemsha maji, mvuke husukuma mtambo, na mvuke huo lazima upoozwe ili urudi kuwa maji. Kituo kinachopoozwa kwa minara ya maji hupoteza angani takriban lita 2 kwa kila uniti moja ya umeme. Megawati 600 kwa siku nzima ni uniti milioni 14 na ushei. Haya, mama wa Dodoma anayepanga ndoo foleni na afanye hesabu: ni lita milioni 28, ndoo za lita ishirini zipatazo milioni moja na laki nne, kila kukicha. Iko namna ya kupooza kwa upepo badala ya maji, inayotumiwa katika nchi kavu, ila gharama yake ni kubwa na mtambo hupungukiwa nguvu.

Moshi twautaja mwisho kwa sababu ndio unaojulikana zaidi. Salfa iliyomo katika makaa, isipochujwa, hurudi na mvua ikiwa tindikali juu ya mashamba. Vumbi laini huingia mapafuni. Na hewa ya ukaa, isiyoonekana wala kunuka, hutoka karibu kilo moja kwa kila uniti, yaani tani zaidi ya elfu kumi na mbili kwa siku, ikaongeze lile joto la dunia linalovuruga misimu ya wakulima wa mtama na uwele. Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Uingereza iliwasha kituo chake cha kwanza cha umeme wa makaa mwaka 1882, na ikazima cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba, 2024. Ilitajirika kwa miaka 142, kisha ikanawa mikono. Mtu wa Ludewa ambaye hajapata kupanda hata ndege hana deni katika hesabu hiyo. Hata hivyo, kutokuwa na deni hakumkingi mtu na vumbi la nyuma ya nyumba yake.

Na watu hao wa Ludewa wamekwisha lipa, kabla ya kituo kujengwa. Mashamba na nyumba za wananchi wa vijiji kama Mundindi, Amani na Nkomang'ombe zilifanyiwa tathmini mwaka 2015. Kila aliyepata kuthaminiwa mali ajua maana yake. Ukiambiwa ardhi hii imechukuliwa, hupandi tena mti wa matunda utakaozaa baada ya miaka mitano. Huongezi chumba, wala hutengenezi paa lililooza, kwa kuwa kila msumari utakaopigilia ni hasara. Unakaa kama abiria aliyekwisha kata tiketi ya basi lisilokuja. Marehemu Deo Filikunjombe, aliyekuwa mbunge wao tangu 2010 hata alipofariki Oktoba, 2015, hakuuona mwisho wa jambo hili. Sheria za mali ya asili zilibadilishwa mwaka 2017, mikataba ikapitiwa upya, majadiliano na mwekezaji juu ya misamaha aliyoitaka yakavutana. Hatimaye mwaka 2023 Serikali ilitoa Sh. bilioni 15.4 kuwalipa fidia watu 1,142. Twaipongeza kwa kulipa. Lakini miaka minane ni mingi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa tathmini alikuwa amekwisha maliza shule ya msingi fedha ilipofika.

Wakati wananchi wale wakingoja, dunia haikungoja. Mwezi wa Juni, 2019, baraza la mazingira la Kenya lilifuta kibali cha kituo cha makaa cha Lamu, kilichokusudiwa kuwa cha megawati zaidi ya elfu moja, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na madhara hayakupimwa vya kutosha. Wavuvi wa Lamu waliwashinda matajiri kwa makaratasi na subira. Mwezi wa Septemba, 2021, miaka kumi kamili baada ya mkataba wetu, Rais Xi Jinping wa China aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba nchi yake haitajenga tena vituo vipya vya umeme wa makaa katika nchi za nje. Na mwezi wa Februari, 2024, mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulianza kutoa umeme. Bwawa lile lilibuniwa kwa mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo mmoja tu wa Rufiji wakaribia kutosheleza hitaji lote la Liganga.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama. Katika mazungumzo mengi juu ya mradi huu makaa husemwa kama kitu kimoja, kumbe ni mawili. Yako makaa ya tanuri, yale yanayokitenga chuma na oksijeni. Hayo, kwa mawe ya Liganga na kwa maarifa yaliyopo, ni vigumu kuyaepuka mara moja, na hoja yake ingali na nguvu. Yako na makaa ya umeme, ya kuchemsha maji tu. Haya hoja yake ilikuwa na nguvu mwaka 2011. Leo imepungua sana. Umeme waweza kupelekwa Ludewa kwa nyaya badala ya kuchomwa huko huko, na kupungua kwa moto huo ni kupungua kwa majivu, kwa maji yanayopotea na kwa ardhi itakayotakiwa. Atakayesema kwamba bwawa nalo hutegemea mvua asema kweli, Mtera imetufunza. Lakini siku hizi Mtera haiko peke yake. Ipo gesi ya Songo Songo na Mtwara, upo upepo wa Singida unaovuma bure mwaka mzima, na liko jua la uwanda huu ambalo hatujawahi kulilipia ushuru. Kama wataalamu wataona baada ya yote hayo kwamba kituo cha makaa bado chahitajika, basi na kiwe kidogo, chenye vichujio vya salfa na vumbi, na mahali pa majivu pakaguliwe na watu wasiolipwa na mwenye mtambo.

Mtu mmoja atatuambia tunachelewesha viwanda. Juzi tulipita kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma hapa mjini, mtu mzima, tukamkuta ameketi juu ya fremu ya mlango akingoja mteja. Tulipomwamkia na kumwuliza hali ya kazi, alituonyesha vyuma vilivyoegemezwa ukutani. “Ndugu zangu, hiki kimetoka nje, na hiki ni chakavu kilichoyeyushwa Dar es Salaam. Bei yake naambiwa, sipangi. Mteja akisikia bei anasema atarudi.” Tukamtajia Liganga. Akacheka. “Nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Sasa mimi ndiye nafundisha.” Fundi huyu hana haja ya kituo cha makaa. Ana haja ya chuma. Kumchanganyia mambo hayo mawili hata moja likwamishe jingine ndiko kuchelewesha viwanda.

Na liko jambo moja la wafanya kazi wenyewe, ambalo husahauliwa wakati wa kuhesabu ajira. Sisi si wageni wa makaa. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988, ulikuwa na mtambo wake mdogo wa umeme wa megawati 6. Mwaka 2005 mgodi ulibinafsishwa. Baadaye kazi ikasimama, na madai ya wafanya kazi yakabaki yakisemwa mwaka hata mwaka mpaka mgodi uliporudi mikononi mwa umma. Huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, gesi ililipuka katika mgodi wa Wankie tarehe 6 Juni, 1972, wakafa watu 427, wengi wao wakabaki chini ya ardhi hata leo. Hata pasipo mlipuko, vumbi la makaa huingia mapafuni kidogo kidogo kwa miaka, likamwua mtu akiwa amekwisha staafu, wakati ambapo hakuna mwajiri wa kuulizwa.

Kwa hiyo, kabla kijana wa kwanza wa Mundindi hajavishwa kofia ya mgodi, mkataba wa kazi uandikwe kwa Kiswahili na usomwe mkutanoni. Mapafu yake yapigwe picha siku ya kuajiriwa, na tena kila mwaka, na karatasi za picha hizo akae nazo mwenyewe nyumbani kwake.